Adhabu Iliyomaliza Wino

Kila jioni Cherehani alimsubiri mama yake, karani wa shule, amalize kuchapa barua ili warudi nyumbani pamoja. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu mdomo wake haukutulia. Walidai hata redio ikimsikia hujizima yenyewe kwa aibu.

Siku hiyo alikuwa na adhabu: kuandika "Sitapiga soga darasani" mara mia tano. Rafiki yake Kijiko alipewa hiyohiyo.

"Mwalimu wa zamu hasomi," Kijiko alimnong'oneza. "Anazipima karatasi kwa kiganja kama muuza nyama. Na kompyuta hajaikataza."

Mama alipotoka kupeleka barua, Cherehani aliandika mstari mmoja kwenye kompyuta ya ofisi, akaunakili mpaka kioo kikajaa. Akazinenepesha herufi zikawa nyeusi tititi, ili mzigo uwe mzito kiganjani. Printa ikatema adhabu za wote wawili. Kurasa za mwisho zilitoka zimefifia, nao wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Asubuhi mama alianza kuchapa mtihani wa darasa la saba. Karatasi zikatoka nyeupe pe.

"Wino ulikuwepo jana, Mama Karani," mwalimu mkuu alisema. "Ufunguo unao wewe peke yako. Unawachapia watu kazi za nje?"

"Hapana, mwalimu. Hakuna mtu aliyegusa mashine hii, naapa."

"Basi kamati itaamua kama utabaki."

Cherehani alikuwa mlangoni, adhabu mkononi. Alimwona mama akibonyeza kitufe kilekile tena na tena, kama anayemwamsha maiti. Mdomo usiojua kufumba ukagoma kufunguka. Akisema, ataumbuka, akinyamaza, mama hana kazi, na nyumbani hakuna mshahara mwingine.

"Ni mimi," alisema hatimaye, akaziweka karatasi mezani. "Wino wote uko humu."

Mwalimu mkuu alifunua kurasa, kisha akamwomba mama radhi. Mtihani ukaandikwa ubaoni kwa chaki, swali kwa swali, na mama ndiye aliyeandika, hadi mkono ukamtetemeka. Cherehani na Kijiko wakaanza upya adhabu yao, kwa kalamu.

Jioni mama alikuwa akiukanda mkono wake kwa maji ya moto. Cherehani alitaka kusaidia, mama akamzuia.

"Wino utanunuliwa, mwanangu. Lakini mimi niliapa mbele ya bosi wangu, na kiapo kikawa cha uongo. Mzigo unaoukwepa hauanguki chini. Kuna mtu anaubeba."