Ardhi Gani Tena?

Foleni ya semina ilianzia mlangoni mwa ukumbi wa hoteli moja ya Bamburi, ikazunguka bwawa la kuogelea, ikafika hadi walikoegesha magari. Ilikuwa Jumamosi ya Machi 1993, saa tatu asubuhi, jua lishakuwa kali. Watu mia mbili na ushei walikuwa wametoa shilingi mia tatu kila mmoja, wafundishwe kutajirika kwa viwanja na majumba. Kanze alivaa gauni la samawati la mabega mapana na viatu vya kuazima. Kisigino kimoja kikazama kwenye nyasi, akayumba, na mkono wa mwanamume ukamdaka kiwiko.

"Pole, dada."

"Asante. Sasa niwachie, foleni yasonga."

"Naitwa Nicanor. Natengeneza mashine za kuinua kontena, kule Changamwe."

"Nami Kanze, niko mapokezi kwenye zahanati, hapa hapa Bamburi. Na mkono bado hujauwacha."

Akauwacha, lakini hakuharakisha, na Kanze naye hakuuvuta.

Na semina yenyewe? Ah, usiniulize! Daftari walilokuwa wameahidiwa kila mtu likawa moja kwa watu wawili. Mkufunzi alitoka Nairobi, tai nyekundu, koti zito la kumtokesha jasho, akajiita Profesa wa Majumba. Saa mbili nzima alisimulia gari lake. Saa ya tatu akawasimamisha watu wazima na akili zao, wapige ngumi hewani wakipaza sauti, "Mimi ni landilodi!" Chai ilikuja nusu kikombe. Mafunzo yenyewe, akasema, yamo ndani ya kitabu, na kitabu chauzwa mlangoni.

Kanze alikuwa amekuja na swali moja tu. Miaka sita nyuma mamake alikuwa na nyumba Kisauni, ameijenga kwa jasho lake, lakini ardhi ilikuwa ya mtu mwingine, naye akimlipa kodi ya ardhi kila mwezi, kama walivyo wengi wa pwani. Mwenye ardhi akauza. Wakapewa siku thelathini, wakang'oa mabati na milango kwa mikono yao, wakapakia kwenye mkokoteni. Kanze aliapa siku hiyo kwamba hataolewa chini ya paa la namna ile.

Akanyoosha mkono. "Bwana mkufunzi, huku kwetu tuna nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba kama hiyo afanyeje?"

"Nyumba bila ardhi?" Profesa akatoa macho. "Dada, hiyo imetundikwa wapi, mawinguni?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Na Nicanor, Mungu amsamehe, akacheka nao. Kanze akaketi, macho yakimwasha kwa hasira na aibu.

"Pole, sikuelewa," Nicanor akanong'ona alipomwona uso.

"Hukuelewa, na ukacheka."

Alimnunulia soda, akamwomba radhi mpaka kituoni, na wiki iliyofuata akapiga simu zahanati. Lakini hakuuliza alikuwa amecheka nini. Na Kanze, kwa kuwa moyo ushaanza kulegea, hakumweleza. Hapo ndipo walipokosea, nami nawalaumu wote wawili.

Wakapendana. Jumapili walitembea Frere Town, Nicanor na shati lake jeupe lililonyooshwa, Kanze akimcheka Kiswahili chake cha bara. Kila siku ya kazi saa saba simu ya mapokezi ililia.

"Laazizi, nikuoe lini?"

"Siku utakapokuwa na mahali ambapo hakuna wa kuja kunitoa."

Mwezi wa Oktoba simu ikalia mapema, sarafu zikigonga ndani ya kibanda cha simu.

"Kanze wangu, piga vigelegele! Nimenunua nyumba!"

"Nyumba! Wapi?"

"Kisauni! Vyumba vitatu, mabati mapya, mlango wa mvule. Na bei, hutaamini. Mzee Jumaa ameniuzia kama zawadi."

"Nico, na ardhi?"

"Ardhi gani tena?"

"Ardhi ya hiyo nyumba!"

"Ai, wewe mwanamke! Nimekununulia nyumba nzima, bado unataka shamba? Kwani nyumba imekaa hewani?"

"Karatasi yasemaje?"

"Mauziano ya nyumba. Wazi kabisa. Na kodi ya ardhi nitampelekea mtu anaitwa Sheikhan, nafikiri ni karani wa manispaa."

"Manispaa!" Sauti ya Kanze ikakatika. "Niliuliza mbele ya watu mia mbili, Nicanor. Ulikuwa kando yangu. Usinipigie tena."

Akaweka simu, akajifungia stoo ya dawa, akalia. Nicanor naye akabaki kibandani amefura. Akawaambia wenzake wa kazini kwamba huyo msichana hashibi. Wiki tatu wakanuniana.

Wiki ya nne mtu mmoja mpole mwenye kanzu na mkoba akabisha mlango wa mvule.

"Asalaam aleikum. Mimi Sheikhan. Nimekuja kwa kodi ya ardhi."

"Karibu. Wewe ni wa manispaa?"

"Manispaa ya nini, ndugu yangu? Shamba hili lote ni la babangu. Nyumba yako, ardhi yetu."

"Na mkitaka ardhi yenu?"

"Inshallah hatutaitaka. Tukiitaka, tutakupa notisi."

Nicanor alikwenda mbio kwa Mzee Jumaa, hata shikamoo akasahau. "Mzee, mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, mwanangu? Nilikwambia nauza nyumba. Kama ningeuza na ardhi, wallahi ningeitaja. Bei ile ungepata ardhi?"

Hakuwa mwongo, mzee wa watu, na hilo ndilo lililomtia Nicanor uchungu zaidi. Akapeleka kijibarua zahanati: njoo Kisauni Jumapili, mara hii moja, halafu ukitaka usinione tena.

Kanze alikuja, amejifunga leso, uso hautaki mzaha. Akakuta mgeni ukumbini. Alikuwa Wairimu, mwuza viazi wa soko la Kongowea, mtu wa bara, aliyesikia kwamba Nicanor ameamua kuiuza nyumba. Alikuwa akigongagonga ukuta na kutabasamu.

"Nimeipenda, kijana. Bei ni hiyo hiyo yako. Kesho nakuletea pesa zote."

Nicanor akatazama mabati yake mapya. Akiba yake ya miaka mitano ilikuwa pale, na njia ya kuirudisha ilikuwa ni kunyamaza tu mpaka kesho.

"Mama, ngoja. Ni nyumba tu. Ardhi si yangu."

"Ardhi gani?"

Akamweleza yote, pole pole. Wairimu akashika mkoba wake kwa mikono miwili. "Ungenimaliza, mtoto wangu," akasema, akaenda zake.

Kanze alibaki mlangoni. "Umemfukuza mnunuzi."

"Nimemfukuza." Akakaa kibarazani. "Kanze, nina hasira mpaka meno yananiuma. Na Profesa, na Mzee Jumaa, lakini zaidi na mimi. Uliuliza, nikacheka. Na sasa sina pa kukuweka, ila chumba cha kupanga Changamwe."

"Nani alikwambia naogopa chumba cha kupanga? Mwenye chumba akinitoa, natoka na sufuria zangu. Kung'oa paa langu mwenyewe ndiko sikutaki tena."

"Kumbe?"

"Kumbe! Miezi yote hii ungeniuliza!" Akaketi kando yake, akafuta macho kwa ncha ya leso. "Nyumba hii tutaitafutia mtu wa hapa, ajuaye anunuacho."

"Basi nakuuliza. Utakubali nikuoe?"

Kanze akajifunga leso yake upya.

"Lete wazee. Lakini uwaambie kabla hawajapanda basi: tunaanza na chumba cha kupanga."

"Nitawaambia, mpenzi."

"Waambie mara mbili."