Kinywa cha Kinamasi

Kutoka ghorofa ya kumi na nane hadi chini barabarani, Pazia Hai lilimetameta mbele ya watu wa Dodoma. Nyuzi zake za nuru zilipokea habari kutoka kwa vionjaudongo arobaini, vijiti vya chuma vilivyofukiwa katika kinamasi cha Itamba, mbali kusini. Udongo ukilowa, nyuzi ziligeuka kijani, ukikauka, nyekundu. Nusu ya Pazia ikiwa nyekundu, malango ya bwawa la umeme yalifunguka yenyewe na kukinywesha kinamasi. Hakuna binadamu aliyeruhusiwa kuyagusa. Ndivyo alivyobuni mhandisi Nsajigwa, na kwa miaka minne Pazia halikuwahi kuwa jekundu.

Alipotunukiwa nishani, alitamani kukiona tena kinamasi chenyewe. Gari la angani lilimshusha Itamba saa nne asubuhi. Matete yalisimama makavu kama fagio. Ardhi ilikuwa na nyufa za kuingia mguu. Alidhani amepotea, mpaka alipomwona Bibi Tulibako, mwenyeji wa hapo, akimimina ndoo ya maji juu ya kionjaudongo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Si wewe uliyekuja kutuhutubia? Umenenepa!"

"Unafanya nini, bibi?"

"Nakinywesha. Ulisema mwenyewe hiki ni kinywa cha kinamasi. Mgonjwa ukimkuta kinywa kimekauka, utamwacha? Nateka kisimani, navizungukia vyote arobaini, kila siku. Wenzangu wamehama na ng'ombe wao. Nimebaki mimi."

Nsajigwa aliketi chini. Akamweleza habari ya malango, polepole, bila kuficha neno.

Bibi aliishusha ndoo. "Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia tumeshiba?"

"Kosa ni langu, bibi."

"Ni lako, ndiyo. Lakini mkono ulikuwa wangu."

Hakumimina tena. Nsajigwa alibaki naye. Siku ya sita Pazia liligeuka jekundu, malango yakafunguka. Waliyasikia maji kabla ya kuyaona. Yaliteleza juu ya ardhi ngumu kama juu ya sakafu ya saruji, yakazoa matete makavu, yakapita zake. Hakulia hata chura mmoja.

Jioni Nsajigwa alitazama kioo cha saa yake, kilichoonyesha Pazia.

"Limekuwaje?" bibi akauliza.

"La kijani. Vijiti vimelowa."

"Na malango?"

"Yamejifunga."

Bibi Tulibako aliigeuza ndoo kifudifudi, akaikalia.