Kibao cha Ruhusa

Kibao kilikuwa kimelowa, na asubuhi ile hakuna aliyekuwa amekwenda chooni bado.

Mama Vifungo alikigusa akipita tu, akaurudisha mkono kwa haraka. Kilikuwa na uvuguvugu, kinateleza kama ulimi wa ng'ombe. Akajifuta kwenye gauni, akanusa vidole. Mkojo. Tena mkojo uliolala.

Kibao hicho, wanangu, ndicho kilichokuwa ruhusa. Kiwanda kilishona mashati, na wanawake arobaini walikaa mstari mmoja: huyu kola, yule mikono, mwingine pindo, shati linapita mkono kwa mkono mpaka kwa Mama Vifungo kule mwisho. Kibao kilikuwa kimoja, kwenye msumari ukutani, na huendi haja bila kukishika. Mmoja akiinuka, mstari mzima unasimama, na dakika zake mnazikaa nyote jioni. Ndiyo maana mnyapara, waliyemwita Baba Dakika, hakuwa na haja ya kufoka. Wanawake walifokeana wenyewe.

"Wewe, kibofu chako kimetoboka?"

"Shoga, kaa chini! Nina watoto nyumbani!"

Basi wakaacha kunywa maji. Midomo ikawapasuka, pumzi zikawanuka, nao wakajiona hodari.

Karibu na Mama Vifungo alikaa wifi yake, mke wa kaka yake, akitoboa matundu ya vifungo. Mimba ya miezi saba alikuwa kaificha ndani ya gauni pana, kwa kuwa pale mwenye tumbo hakupewa kiti.

"Wifi, nimebanwa," akanong'ona.

"Jikaze. Tumalize kwanza fungu hili."

"Kuna kitu kinaninyonya. Hapa, chini ya mbavu."

"Mtoto huyo anacheza."

"Mtoto gani ananyonya kabla hajazaliwa?"

Mama Vifungo akacheka. Kicheko hakijaisha mdomoni, akasikia: fyo, fyo, fyo, kama mzee asiye na meno anayefyonza uboho wa mfupa. Sauti ilitoka chini ya meza. Akaangusha kifungo makusudi, akainama, na alichokiona kule chini, katikati ya miguu arobaini mara mbili iliyovimba kama maiti za mtoni, ni utumbo, utumbo mrefu wa kijivu unaotoka ukutani penye kibao na kutambaa sakafuni, wenye ute, wenye mishipa, unaogawanyika kama mizizi, na kila mzizi ukiingia chini ya gauni la mwanamke, na kila mzizi una mdomo, na kila mdomo unafyonza, taratibu, kwa raha, na mmoja ulikuwa umepanda mguu wake mwenyewe na hakuwa ameusikia.

Akatapika humo humo chini ya meza. Alipotoka nje kusukutua mdomo, mfagizi wa choo, bibi mzee, alikuwa anamngoja na ufagio wake.

"Umeliona," bibi yule akasema.

"Bibi, ni nini lile?"

"Jini. Mwaka wa pili nafagia choo kikavu. Wanawake arobaini, choo kikavu! Ulidhani haja zenu zinakwenda wapi?"

"Si ulifukize! Watu wanasema unajua."

"Nimefukiza, nimesoma. Ubani linaulamba kama sukari. Mwanangu, jini unalolitengea chakula kila siku, nani atalitoa? Linyimeni. Msizibane tena haja zenu."

Ndani kukasikika kishindo. Wifi alikuwa ameanguka juu ya mashati, uso umefura, macho ya njano, anatetemeka kama mwenye baridi. Pale chini palinuka kama kidonda kilichofungwa wiki.

"Mwacheni apumzike hapo hapo," Baba Dakika akasema, macho kwenye saa. "Mstari uendelee."

Mama Vifungo akaitazama ile sakafu. Kisha akabeba ndoo ya maji ya pasi, akachota kikombe, akanywa mpaka tumbo likalia, akampa wa jirani.

"Kunywa. Pitisha."

Maji yakapita mkono kwa mkono, pindo akampa mikono, mikono akampa kola, kama mashati yalivyopita siku zote, ila safari hii yakirudi nyuma. Baba Dakika akapiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Hakuna aliyegeuka. Walipomaliza wakasimama wote, wakambeba mgonjwa, wakaelekea chooni bila kukitazama kibao.

Ndipo kibao kikalia. Kililia kama paka anayezaa, kikatapika, na yote kiliyokunywa miaka miwili yakarudi: mkojo mweusi, usaha, damu iliyoganda vipande vipande, yakichuruzika ukutani mpaka kwenye viatu vya mnyapara, naye akateleza, akaanguka kifudifudi, mdomo wazi. Mfagizi akakinyanyua kibao kwa koleo, akakichoma uani. Kilinuka siku tatu.

Hospitali, daktari alisema figo moja ya wifi imeoza, nyingine inajitahidi. Mtoto alitolewa kabla ya wakati, wa kike, mdogo kama kiatu, lakini analia. Kiwandani watu wakaenda haja wanapotaka. Mama Vifungo akalala usingizi.

Mwezi wa pili baada ya hapo akaenda kumwona wifi. Mchana kweupe akamkuta nyumbani kwake mwenyewe, kasimama mbele ya choo kilicho wazi, jasho linamtoka, magoti kayabana.

"Wifi, ingia basi! Daktari si alikuonya? Unamngoja nani?"

"Nikienda watachelewa."

"Kina nani? Humu kuna wewe na mwanao!"

Wifi hakumtazama. Akainamisha kichwa mbele ya mlango mtupu, akasema kwa adabu, kama mtoto: "Naomba kwenda."

Ndani ya choo kitu kikameza mate.

"Bado. Jikaze," kikajibu, na sauti ilikuwa ya Mama Vifungo.