Kichupo Kilichobaki Wazi

Giza lilikuwa linaanza kuingia pale fundi wa tovuti alipomwachia mdogo wake kichwa kilichosukwa nusu. Upande wa kulia mistari imelala vizuri. Wa kushoto nywele zimesimama timtim.

"Dada, ndiyo unaniacha hivi, kama shamba lililolimwa nusu?"

"Dakika tano tu, Kitinda. Nijaribu kiungo kimoja, nimtumie mteja kazi yake."

Akaingia chumba cha pili, akawasha kompyuta.

Mteja alikuwa mama mmoja mpole aliyetaka ukurasa wa kumbukumbu ya binti yake marehemu. Picha moja: binti kaketi kwenye kiti, kichwa kizima kimesukwa. Chini yake kiungo kimoja cha kubofya, "Chumba chake". Sharti nalo moja, alilolirudia mara tatu: kiungo kifunguke palepale, kwenye ukurasa uleule. Kisifungue kichupo kipya, ukurasa mwingine kando ya ule wa kwanza.

Fundi aliitikia. Kisha mkono ukafuata mazoea. Kwa miaka minne kila kiungo alichoweka kilifunguka kwenye kichupo kipya, ili msomaji asiuache ukurasa wa mteja. Hata hakukumbuka kwamba ameandika hivyo na safari hii.

Akabofya.

Kichupo cha pili kikafunguka. Chumba. Kitanda kimetandikwa. Hakuna mtu. Ndivyo ilivyotakiwa.

Akarudi kwenye kichupo cha kwanza.

Kiti kilikuwa kitupu.

Akafikicha macho, akabofya tena. Kichupo cha tatu: chumba kilekile, na binti amesimama kando ya kitanda, kampa mgongo. Akabofya mara nyingine. Cha nne... korido nyembamba, ndoo ya bluu, kandambili zimepinduka.

Ndoo ile aliiweka yeye mwenyewe, asubuhi, hapo nje ya mlango wake.

Harufu ya udongo uliolowa ikapenya chini ya mlango. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Akautafuta mshale wa kurudi nyuma. Umefifia, haubofyeki, kichupo kipya hakina kilikotoka.

Akampigia mteja.

"Umefungua kipya," mama yule alinong'ona hata kabla ya salamu.

"Nisamehe, mama. Nifunge vyote?"

"Ukifunga cha kwanza, atarudi wapi? Kirekebishe, mwanangu. Upesi. Huwa hakubali kiti kibaki kitupu."

Upande wa pili wa ukuta, Kitinda alikuwa anacheka chinichini, kama mtu anayetekenywa shingoni.

"Kitinda?"

"Subiri, dada. Tunamalizia."

Tunamalizia.

Akafuta neno moja, lile la kufungua kichupo kipya, akahifadhi, akaupakia upya ukurasa wa kwanza. Duara likazunguka... likazunguka... Harufu ikakatika. Kicheko nacho.

Kwenye kiti palikuwa na mtu.

Fundi akashusha pumzi. "Amerudi, mama. Yupo."

"Mtazame vizuri," mama akasema, taratibu. "Mtazame nywele."

Akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Msichana wa kwenye kiti alikuwa na mistari upande wa kulia. Wa kushoto, timtim.

Mlango nyuma yake ukafunguliwa bila haraka.

"Dada."

Sauti ilikuwa ya Kitinda. Uso pia. Ila kichwa kizima kilikuwa kimesukwa, mistari safi, hakuna hata mmoja uliopinda.

"Nipe hiyo simu," akasema. "Nimsalimie mama."