Bangili Kutoka Theh

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Darshana alikuwa na kazi ya kuwapeleka nyati wa nyumbani kwao bwawani kunywa maji. Walikuwa nyati wa kufugwa, weusi, wazito, wenye pembe zilizojikunja, na hapakuwa na fimbo iliyoweza kuwaharakisha. Wakati huo bibi yake, Rajkali, huketi uani akisukasuka maziwa kwenye chungu, na mama yake huwa jikoni akipiga chapati za uwele. Njiani Darshana hukutana na rafiki yake Murti, ambaye naye huwa amebeba karai la samadi kichwani.

"Leo nyati wamekuamsha au wewe ndiye uliyewaamsha?" Murti alimuuliza asubuhi moja.

"Wameniamsha wao. Mimi nilikuwa naota niko darasani, nimelala."

Murti alicheka mpaka karai likayumba.

Murti na mama yake, Bimla, hawakuwa wa ukoo wa akina Darshana, wala hawakuwa na shamba. Waliokota samadi kwenye mazizi ya watu, wakaikanda, wakaipiga bapa, kisha wakazianika bapa hizo zikauke ziwe kuni. Walizianika chini ya Theh, kwa sababu jua la asubuhi hupiga pale kwanza.

Theh kilikuwa kilima cha udongo mashariki mwa kijiji, kirefu kuliko nyumba yoyote. Mvua ikinyesha, watoto waliokota huko shanga za udongo na vigae vya vyungu. Wazee walisema kuna mji chini yake, uliopinduliwa na laana ya mtawa aliyenyimwa maziwa. Lakini katika wilaya ya Jind vilima vya namna hiyo si ajabu. Mtu akitaka udongo wa kukandika ukuta, huenda Theh. Akitaka kujaza shimo, huenda Theh.

Mwaka huo baba yake Darshana, Ramphal, alikuwa anajenga nyumba mpya. Dada mkubwa wa Darshana alikuwa ameposwa, na Ramphal hakutaka wageni wa arusi wakanyage matope. Alitaka kuinua sakafu juu ya maji ya mvua. Kwa hiyo kila siku alifunga tela kwenye trekta, akaenda kuchimba Theh upande wa chini, ambako udongo ulikuwa laini.

Alasiri moja Darshana alimpelekea chai. Alimkuta baba yake amesimama tuli, jembe mkononi, akitazama shimoni. Ndani ya shimo kulikuwa na mifupa ya mtu aliyelala chali. Kwenye mfupa wa mkono wa kushoto kulikuwa na bangili nyeupe zilizopangana, kama bibi arusi aliyevalishwa jana.

"Hukuona kitu," baba alisema bila kugeuka.

"Nimeona mtu, baba."

"Huyo si mtu. Ni udongo uliochelewa kuoza." Kisha akalainisha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Serikali ikisikia, itazungushia Theh waya, na nyumba ya dada yako itabaki shimo. Unataka watu wa upande wa mume waje watucheke?"

Darshana alitikisa kichwa. Ramphal aliikusanya mifupa ndani ya gunia, akataja jina la Mungu kwa sauti ya chini, akaenda kuitupa kwenye mfereji mkubwa wa kumwagilia mashamba, pale maji yanapokwenda kasi. Alikuwa amekwisha kuondoka Darshana alipoona bangili moja imebingirika chini ya gurudumu la trekta. Aliiokota, akaifunga kwenye ncha ya ushungi wake.

Wiki ile ile Mwalimu Satbir alileta habari darasani. Mjini kutakuwa na siku ya urithi wa wilaya.

"Kila shule itapeleka mwanafunzi mmoja na kitu kimoja cha kale," alisema. "Hapa ni nyumbani kwa kabila letu la Wajat tangu enzi na enzi. Babu zetu walilima, walipigana, hawakumpigia mtu magoti. Nendeni mkaulize nyumbani kwenu."

Kesho yake watoto walikuja na vitu. Mmoja alileta upanga wenye kutu, mwingine jiwe la kusagia. Darshana alifungua ushungi wake, akaonyesha bangili. Mwalimu aliigeuzageuza kwenye mwanga.

"Umeitoa wapi hii?"

Darshana alifungua kinywa aseme hajui. Lakini darasa zima lilikuwa limenyamaza likimtazama, na hilo lilikuwa halijawahi kumtokea.

"Ni ya bibi wa bibi yangu," alisema. "Jina lake Rukma. Askari wa nawabu, mtawala wa zamani, walipokuja kuteka mifugo, wanaume walikuwa shambani. Yeye alisimama kwenye lango la kijiji na shoka, akawazuia mpaka wanaume wakarudi. Aliumia mkono huu wenye bangili."

Mwalimu Satbir alifumba macho kwa furaha. "Hiyo ndiyo itakayokwenda mjini."

Walipotoka nje Murti alimvuta kando. "Mbona bibi yako hajawahi kuisimulia? Mimi nashinda kwenu kila siku."

"Mambo ya ukoo wetu hayasimuliwi mbele ya kila mtu," Darshana alijibu.

Murti alimtazama, akaondoka.

Siku ya urithi, tela zima la wanakijiji lilikwenda Jind. Ramphal alivaa kilemba kipya. Alipoiona ile bangili mkononi mwa binti yake, uso wake ulibadilika; lakini alipoisikia ile hadithi, na ukumbi ukasimama kupiga makofi, uso ulirudi mahali pake, tena ukang'aa. Mzee Harphul, mkubwa wa ukoo, aliinuka na fimbo yake.

"Habari za Rukma mimi nilizisikia kwa babu yangu," alitangaza. "Alikuwa mrefu, na sauti yake ilisikika vijiji vitatu."

Darshana alimkodolea macho. Jina la Rukma alikuwa amelibuni mwenyewe, pale pale darasani.

Miongoni mwa waamuzi alikuwemo mama mmoja, Daktari Sunaina, mtaalamu wa mambo ya kale. Watu walipokwenda kula, alimwita Darshana pembeni, akaipokea bangili.

"Binti, mimi pia ni Mjat, kwetu ni upande wa Rohtak," alisema. "Nimelelewa na hadithi kama hii, na nazipenda. Lakini bangili hii imechongwa kwenye kombe la bahari, na bahari iko mbali sana na hapa. Aliyeivaa aliishi maelfu ya miaka kabla ya nawabu yeyote. Sisi tumekuja kujenga juu yake."

Darshana alitazama chini.

"Vitu hivi hutoka makaburini. Kama kuna mtu anachimba kilima, niambie, wala sitamtia mtu pingu. Nitakuja kesho na watu tusimamishe. Kilima kikichimbwa chini husimama kidogo kama ukuta, halafu huanguka. Nimekwisha kuona kikiua watu."

Mlangoni Ramphal alikuwa amezungukwa na wanaume wanaompigapiga mgongoni. Mtu alikuwa amemvika taji la maua, naye alikuwa anacheka kama kijana. Darshana hakukumbuka lini alimwona baba yake akicheka vile.

"Ni ya bibi wa bibi yangu," alisema.

Daktari alimtazama. "Haya," alisema, na kumrudishia bangili.

Kilima kilianguka asubuhi, kabla wiki haijaisha. Darshana alikuwa bwawani na nyati aliposikia mshindo mzito, kama ghala kuukuu lililobomoka, kisha akaona vumbi linapanda juu ya Theh. Halafu akamsikia Murti. Hakuwa analia. Alikuwa anaita, "Mama, mama," kama mtu anayeita nyumba ambayo mlango wake umefungwa.

Wanaume walikuja na majembe. Baadaye wakayatupa majembe wakachimba kwa mikono, wakiogopa kumkata aliyefukiwa. Ramphal alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuinuka, na kucha zake zilivuja damu. Walimtoa Bimla akiwa hai. Lakini nyonga yake ilikuwa imepondeka na uti wa mgongo umeumia, na aliporudishwa kutoka hospitalini Rohtak, miguu yake haikumsikia tena.

"Lakini naye alifuata nini kule?" Mzee Harphul aliuliza barazani jioni ya siku ile kilima kilipoanguka. "Si kila mtu aliona kwamba pamechimbwa?"

"Kweli," wengine waliitika. "Watu wengine hawaoni mbele yao."

Darshana aliyasikia maneno hayo alipokuwa akipita na ndoo. Alifika nyumbani, akakaa mbele ya chakula, asile.

"Mboga ya haradali imekuwa chungu leo?" bibi yake alimuuliza, kiko cha maji mkononi.

Hapo Darshana akasema yote: gunia, mfereji, bangili, Rukma, na swali la Daktari Sunaina. Alitumaini bibi atamkumbatia. Rajkali hakumkumbatia. Aliweka kiko chini.

"Yule mama alikuuliza waziwazi?"

"Ndiyo, bibi."

"Akakwambia kitaanguka?"

"Ndiyo."

Rajkali alisimama. "Basi inuka," alisema. "Wale waliokupigia makofi wako barazani. Uwaambie wao, si mimi."

Baraza la kijiji lilikuwa mahali pa wanaume. Wanawake walipita mbele yake wakiwa wamefunika nyuso. Rajkali alimshika mjukuu wake mkono, akapanda naye ngazi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Darshana alizungumza akitazama sakafu. Alipomaliza, hata wavuta kiko waliacha kuvuta.

"Sasa Rukma je?" Mzee Harphul aliuliza.

"Hakuna Rukma, babu. Nilimtunga."

"Lakini babu yangu mimi..." Mzee alianza, kisha akaiacha sentensi pale ilipofika. Kijana mmoja alicheka, akajikuta anacheka peke yake.

Ramphal alisimama. Alivua kilemba chake mbele ya watu wote, akakiweka chini sakafuni. Kwa Mjat hakuna aibu inayoshinda hiyo.

"Uongo wake ni mdogo wa uongo wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia hakuona kitu. Na yule mama wa watu hakufuata upumbavu kule. Alifuata jua. Upumbavu niliuchimba mimi."

Daktari Sunaina aliitwa, naye akaja na watu wake. Uchimbaji ulipigwa marufuku, na waya ambao Ramphal aliuogopa ukazungushwa kweli. Darshana alimkabidhi bangili.

"Tunaweza kumjua aliyeivaa?" alimuuliza.

"Tungeweza. Alikula nini, aliugua nini, labda hata watoto wake ni akina nani. Mifupa ingetuambia." Daktari aliitazama bangili. "Sasa tuna pambo tu. Mwenyewe yuko mferejini."

Nyumba mpya ilibaki kuta tupu, na arusi ya dada ikafanyika kwenye ua wa zamani. Ramphal aliwapa akina Bimla nyati wake anayekamuliwa na kipande cha shamba karibu na kisima. Watu walisema amelipa. Yeye mwenyewe hakulisema neno hilo.

Kwa muda mrefu Darshana hakuthubutu kwenda kwa Bimla. Murti alikuwa ameacha shule ili amuuguze mama yake, na wakikutana njiani hupita kama hawajuani. Mwishowe Rajkali alimsukuma.

Bimla alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, uso umekonda. Murti alikuwa mlangoni akichagua dengu.

"Mama mdogo," Darshana alianza, "nimekuja kukuomba radhi."

"Najua ulilofuata. Keti." Bimla alipumua kwanza. "Nimelala hapa nikiuwaza ule uongo wako. Ulikuwa mzuri. Ungekuwa mbaya, watu wangeuuliza. Lakini ulimsifu kila aliyeusikia, kwa hiyo kila mmoja akaubeba akaenda nao kwake. Hata mimi, ambaye hamkunihesabu katika ukoo, nilifurahi. Nilimwambia Murti, tazama, hata mwanamke aliwahi kukilinda kijiji hiki."

Darshana alianza kulia.

"Usinililie, masikio bado ninayo mazima. Sikia. Mtu akikusimulia habari inayokusifu wewe na watu wako, hiyo ndiyo uiulize mara mbili. Na ukweli ukiwa nao mkononi, utoe siku unapoulizwa. Ulisema mwishoni, ni vizuri. Lakini ukweli uliochelewa haunisimamishi mimi."

"Umenisamehe, mama mdogo?"

"Sijui bado. Nikijua nitakwambia." Bimla akageuza kichwa kuelekea mlangoni. "Murti, kesho unarudi shule. Asubuhi nitavumilia, na mchana mkitoka huyu atakuja badala yako ili usome."

Murti hakuinua macho kutoka kwenye dengu. "Nitarudi," alisema. "Lakini sitaketi naye."

"Hilo ni lako," mama yake alisema, kisha akamwambia Darshana, "Haya, anza leo. Nimelalia upande huu tangu asubuhi na mgongo unawaka. Tia mkono mmoja hapa begani, mwingine chini ya nyonga. Usivute. Ukivuta naumia."

Darshana alifuta machozi kwa kiwiko. Aliingiza mikono pale alipoambiwa, akauhisi uzito wote wa mtu ambaye mwili wake haumsaidii, na taratibu, bila kuvuta, akamgeuza.