Kiherehere na Saa ya Mama

Jua lilipoanza kupunguza makali, mama alirudi kutoka kwenye tanuri la mikate. Unga ulikuwa umemkaa kwenye nyusi kama kawaida, na mikono yake ilinukia hamira. Baba alikuwa chumba cha mbele, kwenye cherehani, pini mbili midomoni na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele.

"Mwanangu," mama alisema akivua viatu, "hebu nenda kwa jirani ukaniazimie ung..."

Kabla hajamaliza, binti alikwisha kuruka kizingiti. Alirudi akitweta, amekumbatia bakuli la unga.

"Nilisema ungo," mama akamwambia. "Ungo wa kupepetea huo mchele wa bibi yako. Unga nashinda nao kutwa nzima, halafu nikauombe kwa jirani?"

Baba alicheka mpaka pini moja ikamdondoka. Bibi akatikisa kichwa. "Huyu mke mwenzangu anakula nusu ya neno, nusu ya pili anawaachia wenyewe."

Ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Kiherehere. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwepesi wa miguu na mwepesi wa kusaidia, ila masikio yake hayakuwa na subira.

Sasa, katika nyumba ile kulikuwa na jambo moja gumu, nalo lilikuwa usingizi. Mama aliamka wakati mtaa mzima umelala fofofo, kwa sababu mkate lazima uwe umeiva kabla watu hawajachemsha chai. Kwa hiyo giza likiingia tu, macho yake yalikuwa mazito. Alitaka chumba cheusi tii, bila sauti. Aliziba upenyo wa chini ya mlango kwa khanga kuukuu, akajifunga kitambaa kichwani mpaka masikioni, akaitia ufunguo saa yake ya kengele, akalala.

Baba alikuwa kinyume chake. Mikono yake ilichangamka wenzake walipochoka. Alishona mpaka majirani wamezima taa, kisha akaingia chumbani na redio yake ndogo, akaiweka sikioni kama mtu anayesubiri habari za nyumbani kwao. Bila redio usingizi haukuja. Na ulipokuja, mguu wake wa kulia uliendelea kukanyaga cherehani.

"Nikiamka miguu imejaa michubuko," mama alilalamika siku moja wakati wa kula.

"Na wewe je?" baba akajibu. "Usingizini unakanda unga, na unga wenyewe ni mgongo wangu."

"Afadhali wewe unakandwa. Mimi nashonwa."

Walicheka wote. Lakini mama alianza kusinzia akila, na baba alianza kukosea vipimo. Suruali moja ya mteja ilitoka mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Mwisho baba alibeba godoro dogo, mto na redio yake, akahamia chumba cha cherehani. Baada ya hapo mama aliacha kusinzia na suruali zikatoka sawasawa. Ila hakuna aliyemweleza Kiherehere chochote. Yeye aliona tu kwamba mto wa baba haupo tena mahali pake.

Siku chache baadaye, Kiherehere alikuwa akipita ukumbini na ndoo ya maji. Mama alikuwa chumbani akizungumza kwa simu na shangazi, dada yake baba.

"Kaka yako?" mama alisema. "Tumeachana, wifi..."

Kiherehere hakusubiri. Aliitua ndoo palepale, maji yakaruka mpaka miguuni, akatoka mbio hadi kwa rafiki yake waliyemwita Mapengo, kwa sababu meno yake ya mbele yalichelewa kuota kuliko ya watoto wengine.

"Wazazi wangu wameachana," alisema.

Mapengo alifikiri sana. "Baba yako amehamisha godoro?"

"Ndiyo."

"Na mto?"

"Na redio."

"Basi ndiyo hivyo tena. Mtu akihamisha redio, harudi huyo." Mapengo alimwangalia kwa huruma. "Wewe utakaa kwa nani? Mimi ningekwenda kwa mama yako. Kwa mama yako kuna mkate."

Kiherehere alilia kidogo, kisha akafuta macho. Hakuwa mtu wa kukaa bure. Kama kulala mbalimbali ndiko kulikowaachanisha, alijiambia, basi wakilala pamoja na kuamka pamoja watarudiana. Jambo hilo angeweza kulifanya mwenyewe.

Jioni ileile alimwaga kikombe cha maji katikati ya godoro la baba. "Bahati mbaya, baba," alisema bila kumtazama usoni. Baba aligeuza godoro, akaona limelowa mpaka chini. "Basi leo nitalala chumbani na mama yako," alisema. Kiherehere akaona mambo yameanza kunyooka.

Ilibaki saa. Saa ya mama ilikuwa na mishale miwili mikubwa, na mshale mmoja mdogo mwekundu ulioonyesha wakati wa kengele kulia. Mama hakuutazama mshale ule, kwa sababu miaka yote ulikaa palepale. Alipokwenda kuoga, Kiherehere aliusogeza mbele mpaka wakati ambao baba huamka. Kisha akairudisha saa kwenye kistuli, akaenda kulala ameridhika.

Asubuhi aliamshwa na sauti ya mama. "Jua? Hili ni jua?"

Mama alipita ukumbini huku anafunga kilemba, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Baba alimfuata akipikicha macho.

"Umeigusa saa yangu?" mama aliuliza.

"Niliigeuzia ukutani tu. Inagonga tik-tik karibu na sikio langu."

"Kuigeuza ndiko kuigusa. Nililala salama siku zote hizo, umerudi mara moja tu, angalia."

"Labda kidole kiliteleza," baba alisema taratibu. "Sijui."

Mama alikwisha kutoka.

Shuleni siku ile, wakati wa chai, hapakuwa na mkate. Mwalimu wa zamu aliwaambia watoto kwamba tanuri halikuwashwa mapema. Mapengo aliutazama mkono wake mtupu. "Mama yako anaumwa?" aliuliza. Kiherehere alikunywa chai yake kavu.

Aliporudi nyumbani, alimkuta mama ameshafika. Mama alimsimulia bibi yaliyotokea. Unga alioukanda jana yake uliumuka usiku kucha, ukavuka beseni, ukamwagika sakafuni. Wauzaji walisubiri mlangoni, kisha wakaenda kutafuta mkate kwingine. Mwenye tanuri hakupiga kelele. Alisema tu kwamba ikitokea tena, itabidi atafute mtu mwingine wa alfajiri.

Mama alipakua chakula bila kumwita baba.

"Mwambie baba yako chakula kipo mezani," mama alisema.

Kiherehere alikwenda chumba cha mbele. "Baba, chakula kipo mezani."

"Mwambie mama yako nimesikia."

Alirudi. "Mama, baba amesikia."

"Mwambie kwamba jioni ya leo nakwenda kwa dada yangu, karibu na tanuri. Nitalala huko kwa muda, mpaka mwenye tanuri aniamini tena. Kule hakuna wa kunigusia saa."

Safari hii Kiherehere alisikiliza mpaka neno la mwisho, na neno la mwisho ndilo lililomchoma. Mama alikuwa tayari ametoa begi juu ya kabati. Yaani wazazi wake walikuwa hawajagombana hata siku moja, mpaka yeye alipotaka kuwapatanisha. Na baba alikuwa amebeba lawama isiyo yake, wala hakuijua.

"Mbona umesimama, mke mwenzangu?" bibi aliuliza. "Peleka ujumbe."

Kiherehere hakupeleka. Alikwenda chumba cha mbele, akamshika baba mkono, akamleta ukumbini mbele ya mama.

"Baba hakuigusa kengele," alisema. "Ni mimi niliyesogeza mshale mwekundu. Na godoro nililimwagia maji kusudi, haikuwa bahati mbaya."

Mama aliweka begi chini. "Kwa nini, mwanangu?"

"Nilitaka muamke pamoja. Kwa sababu mmeachana."

Walitazamana wote watatu, mama, baba na bibi.

"Nani kaachana?" baba aliuliza.

"Ninyi. Mama alimwambia shangazi kwenye simu. Alisema, 'Kaka yako? Tumeachana, wifi.'"

Mama alikunja uso akikumbuka. Kisha alijifunika mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kutikisika. "Uzi," alisema kwa shida. "Uzi mweusi."

"Uzi gani?" baba akauliza.

"Siku uliyokwenda kununua uzi mweusi. Dada yako alikupigia ukawa hupatikani, akanipigia mimi. Nikamwambia, 'Kaka yako? Tumeachana, wifi, sasa hivi tu hapa mlangoni, mimi naingia yeye anatoka. Akirudi nitamwambia.'"

Baba aliketi mkekani akicheka bila sauti, mpaka tepu ikamwanguka shingoni. Bibi alisukuma kando ungo wa kuazima.

"Umekula nusu tena," alimwambia mjukuu wake. "Na safari hii imekukwama kooni."

Kiherehere hakujua acheke au alie, kwa hiyo alifanya yote mawili. Mama alimvuta karibu.

"Sikia mpaka mwisho," mama alisema. "Mimi na baba yako hatujaachana wala hatuna mpango huo. Usingizi wangu unawahi, wake unachelewa. Hakuna aliyeuchagua. Mtu asipolala vizuri anakuwa mkali, anakosea kazi, na mwili unadhoofika. Kulala vyumba viwili ni kutunzana. Mimi namtunzia mgongo wake, yeye ananitunzia miguu yangu."

"Tulipaswa kukueleza tangu siku ile nilipobeba godoro," baba aliongeza. "Tulidhani ni mambo ya wakubwa. Tumekuacha na nusu yako."

Mama alimgeukia baba. "Na mimi nilikulaumu kabla sijauliza vizuri. Samahani, baba Kiherehere."

"Nimeshazoea kukandwa," baba alisema, naye akalirudisha begi juu ya kabati.

Mambo hayakuishia kwenye kicheko. Kabla ya jioni, mama na binti walikwenda pamoja kwenye tanuri. Kiherehere alimweleza mwenye tanuri yote, godoro na mshale mwekundu, bila kuruka kitu. Mwenye tanuri, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alisikiliza huku akisugua kidevu.

"Kwa hiyo mama yako hakulala kwa uvivu," alisema.

"Hapana. Ni mimi."

"Vizuri kwamba umesema. Nilikuwa nimeanza kumfikiria vibaya mtu wangu bora." Alinyoosha kidole kwenye mabeseni. "Lakini ule unga umekauka, na mabeseni hayajisugui yenyewe."

Kiherehere aliyasugua mpaka vidole vikakunjamana kama vya bibi. Unga uliokauka ni mgumu kama saruji, na alijifunza hivyo kwa kucha zake.

Tangu hapo nyumba ilipata utaratibu mpya. Mama akirudi na kuvua viatu, baba hufunika cherehani. Hula pamoja, kisha hukaa kizingitini wakipiga soga mpaka mama aanze kupiga miayo. Baba humsindikiza chumbani, humwekea khanga chini ya mlango, na ndipo hurudi kwenye mashono yake. Siku ambayo tanuri halifanyi kazi, baba hurudi na mto wake, na asubuhi yake wote wawili hulalamika kuhusu miguu na mgongo huku nyuso zao zimekunjuka.

Jioni moja Kiherehere alimsaidia bibi kupepeta mchele. "Bibi, ningefanya nini siku ile?" aliuliza.

"Ungeuliza," bibi alisema. "Ungeingia pale chumbani ukasema, 'Mama, nimesikia hivi, nimeogopa.' Basi. Ukisikia jambo linalokutia hofu, liulize kwa mwenyewe kabla hujalifanyia kazi. Na ukikosea, sema mwenyewe kabla mwingine hajalipa kwa ajili yako. Hilo la pili ulilifanya, ndiyo maana mama yako bado analala humu ndani."

Simu ya mama ililia chumbani. Mama alikuwa bafuni, kwa hiyo Kiherehere aliipokea. Alikuwa shangazi, akimtafuta kaka yake kama kawaida.

"Baba hayupo, shangazi," Kiherehere alisema. "Tumeachana naye..." Akavuta pumzi. "Usikate, shangazi, sijamaliza. Tumeachana naye hapo mlangoni, amekwenda kununua vifungo, na anarudi kula nasi."

Bibi alipepeta mchele wake, akatabasamu. "Leo umekula sahani nzima," alisema.