Maneno Meupe ya Najwa

Katika likizo ya Agosti mwaka wa 2007, Najwa Harun alikuwa na kazi mbili kila asubuhi. Ya kwanza ilikuwa kupangusa viatu vilivyopangwa dirishani mwa duka la baba yake mjini Nakuru. Vumbi la Nakuru halina likizo. Ukipangusa saa mbili, saa nne limerudi. Ya pili, ambayo ndiyo aliyoipenda, ilikuwa kwenda saiba ya jirani, kukaa mbele ya kompyuta ya kukodisha kwa dakika ishirini na kuitazama tovuti ya duka lao.

Tovuti hiyo ilitengenezwa na Kipkemei, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Njoro. Alikuja kushonewa buti, akapendezwa na kazi ya Mzee Harun, akasema, "Mzee, viatu hivi vinafaa kuonekana hata na watu wa mbali." Kwa kuwa Najwa alikuwa darasa la saba na mwepesi wa kompyuta, Kipkemei alimpa neno la siri ili awe akibadilisha picha.

Chini ya ukurasa palikuwa na kihesabio kilichoonyesha idadi ya wageni. Baada ya wiki tatu kilisoma thelathini na nane, na Najwa alijua kwamba karibu thelathini kati yao walikuwa ni yeye mwenyewe.

"Mbona watu hawatuoni?" alimwuliza Kipkemei alipopita dukani.

"Mtu akitaka kitu, anaandika maneno kwenye mtambo wa kutafuta," Kipkemei alieleza. "Mtambo unasoma kurasa zote na kuleta zile zenye maneno hayo. Sisi tumeandika 'Karibuni' tu. Tuandike viatu vya shule, buti za shambani, makubadhi ya ngozi. Tuseme tuko Nakuru."

"Tukiweka maneno mengi zaidi, watakuja wengi zaidi?"

"Weka mengi, lakini yawe ya kweli."

Najwa alisikia nusu ya kwanza ya jibu. Kesho yake alikusanya kila neno la viatu aliloliona kwenye kurasa nyingine: viatu vya harusi, vya mpira, vya wauguzi, vya kupandia milima. Katika ukurasa wa hospitali fulani alikuta "viatu vya watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda". Akanakili hayo pia bila kuyafikiria. Ili ukurasa usichukize, aliyaandika yote kwa herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe. Jicho la mtu halikuyaona, ila mtambo uliyasoma.

Baada ya siku tisa kihesabio kilisoma mia sita na kumi na mbili. Najwa alipiga kelele mpaka mwenye saiba akamwuliza kama ameshinda bahati nasibu. Nyumbani, baba yake alicheka kwa furaha.

"Huyu Kipkemei ana kichwa!" alisema. Najwa hakumsahihisha.

Jumamosi, saa nne na nusu, mwanamke mmoja aliingia dukani akiwa amembeba mtoto mgongoni. Mavazi yake yalikuwa na vumbi la safari na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mzee, hapa ndipo kwa Harun wa viatu?"

"Ndipo, mama. Karibu kiti."

"Asante. Naitwa Cherono. Nimetoka Kapenguria. Huyu ni Kemboi." Alimshusha mtoto, akamkalisha mapajani na kumvua soksi. Miguu yake ilikuwa laini na myeupe kidogo kuliko mwili, kama kitu kilichofunikwa kwa muda mrefu. "Alizaliwa nyayo zikitazamana. Daktari amemfunga plasta mara sita, sasa zimenyooka. Plasta ya mwisho ilitoka juzi. Ameniambia nimtafutie haraka zile buti zilizounganishwa kwa chuma. Akikaa bila hizo, miguu itarudi kupinda."

Mzee Harun alimtazama kwa mshangao. "Mama, pole sana. Mimi sijawahi kutengeneza viatu vya namna hiyo."

Mwanamke huyo alitabasamu, akidhani ni mzaha. Kisha akaona kwamba si mzaha. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Lakini mmeandika. Mpwa wangu alitafuta kwenye kompyuta, akanichapishia majibu yaliyoletwa na mtambo."

Mzee Harun alivaa miwani. Juu palikuwa na jina la duka lake. Chini yake palisomeka: viatu vya watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda, Nakuru.

Alisoma tena, akageuza karatasi kana kwamba jibu lingekuwa upande wa pili. Najwa, aliyekuwa ameshika kitambaa cha kupangusia, alisogea, akachungulia karatasi. Yalikuwa maneno yake. Hakuwahi kufikiria kwamba maneno yasiyoonekana yangeweza kumtoa mtu Kapenguria.

"Sina mahali pengine nilipoambiwa," Cherono alisema polepole. Hakulia. Alianza kumvisha mtoto soksi.

Mzee Harun alinyakua simu. "Kipkemei! Uko wapi? Mjini? Njoo dukani sasa hivi!"

Kipkemei alifika baada ya muda mfupi, akihema. "Sasa, Najwa," alisalimu. Mzee Harun alimsukumia karatasi kifuani.

"Umenifanya mwongo katika mji nilimozaliwa! Mama huyu amesafiri na mtoto kwa uongo wako. Toka, nisikuone tena hapa!"

Kipkemei alisoma, akatoa macho. "Mzee, haki ya Mungu, sikuandika haya."

"Basi yameandikwa na nani? Majini?"

Kipkemei alimgeukia Najwa. Alijua ni watu wawili tu waliokuwa na neno la siri, na Najwa aliona kwamba anajua. Msichana angeweza kunyamaza. Baba yake angeamini chochote. Lakini Kipkemei aliinama kuokota mkoba wake ili aondoke, na Najwa hakuweza kuvumilia kuuona mgongo wake.

"Ni mimi," alisema. Sauti ilitoka ndogo sana. "Baba, ni mimi niliyeyaandika. Nilitaka wageni waongezeke."

Mzee Harun alikaa kwenye kigoda chake cha kazi kama mtu aliyepigwa. Najwa alimwendea Cherono, akapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, mama. Nilidanganya."

Cherono alimshika bega, akamwinua. "Mtoto wangu, msamaha nitakupa," alisema. "Ila leo nahitaji viatu."

Mzee Harun aliinuka. Kwanza alimshika Kipkemei mkono. "Nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu naomba radhi." Halafu akasema, "Twende saiba. Safari hii tutafute ukweli."

Iliwachukua karibu saa nzima, maana kompyuta ilikuwa ya mwendo wa kobe na kurasa nyingi hazikuonyesha hata nambari ya simu. Mwishowe walipata karakana ya vifaa vya walemavu iliyokuwa papo hapo mjini. Fundi wake, Wamalwa, alikuwa karibu kufunga.

"Vyuma ninavyo," alisema baada ya kumpima Kemboi. "Buti ndogo za kiasi hiki ndizo zilizoniishia. Zitakuja baada ya wiki mbili."

"Ukinipa vipimo na kunionyesha moja ya zamani, waweza kunisimamia nikashona?" Mzee Harun aliuliza.

Wamalwa alimpima kwa macho. "Naweza. Ila nikisema fumua, utafumua."

Alimfumulisha mara mbili. Saa kumi na moja jioni Kemboi alikuwa amevaa buti mbili za ngozi laini zilizofungwa kwenye chuma, akilia kwa hasira, huku mama yake akilia kwa jambo jingine.

Jumatatu Najwa aliyafuta maneno yote meupe. Alikuwa amechelewa. Walipoandika jina la duka kwenye mtambo wa kutafuta, hawakuona chochote. Tovuti yao ilikuwa imetoweka.

"Mtambo umegundua," Kipkemei alisema. "Ukificha maneno, nao unakuficha. Tutaomba turudishwe, tusubiri."

Wakati wa kusubiri waliutengeneza ukurasa upya. Walimketisha jirani yao Akeyo, muuza samaki, mbele ya kompyuta, wakamwambia atafute buti za shambani bila kumsaidia.

"Simu yenu iko wapi?" Akeyo alilalamika. "Na hii picha mbona haiishi kufunguka? Mimi ningeshaenda kwingine!"

Najwa aliandika kila lalamiko. Walipunguza ukubwa wa picha, wakaweka nambari ya simu juu kabisa, wakaandika kwa herufi nyeusi viatu wanavyoshona na vile wasivyoshona.

Mwishoni mwa Septemba tovuti ilionekana tena. Kihesabio kilipanda taratibu. Jumamosi moja simu ililia, Najwa akapokea. Mkulima wa Dundori alitaka buti za mpira.

"Hizo hatuna, mzee," Najwa alisema. "Sisi hushona za ngozi tu. Jaribu maduka ya vifaa vya shamba." Alisikiliza, kisha akacheka. "Sawa, nitamwambia. Karibu Jumanne."

"Anasemaje?" baba yake aliuliza.

"Anasema kwa kuwa nimemwambia ukweli, atakuja tumshonee mkewe makubadhi."

Mzee Harun aliweka sindano chini. "Najwa, anayetutafuta hatumjui, wala hatuoni amebeba nini mgongoni. Anachoona yeye ni neno letu tu, na analifuata. Kumwita mtu si kazi. Kazi ni kuhakikisha kwamba akifika, atakuta kile ulichomwitia."